Mama Surjit na Kicheko cha Kortini

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko barabarani, endesha polepole na utusikilize. Mimi ni Chepkemei, na leo nimekuja kuwaeleza habari za mama mmoja wa hapa kwetu Nakuru.

Jina lake Jasbir Kaur. Wengi mlimjua kama Mama Surjit. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, chai iko mkononi.

Vijana wa siku hizi walimwona tu kama bibi wa Kihindi anayetembea na fimbo kwenda sokoni na kuongea Kiswahili kuwashinda. Lakini mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na moja, Mama Surjit alifanya jambo ambalo hakuna mtu mwingine mjini aliyekubali kulifanya. Alisimama kortini, akaapa, halafu akasimulia kipindi kizima cha vichekesho vya televisheni kutoka Uingereza. Nasema tena, ndugu msikilizaji, ili usidhani umesikia vibaya. Alisimama kortini akasimulia vichekesho, kwa sababu maisha ya mtu yalitegemea vichekesho hivyo.

Tuanze mwanzo.

Jasbir alizaliwa hapa hapa Nakuru. Baba yake alikuwa seremala wa reli. Alicheza na watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na kabla hajaanza shule alikuwa anajua Kipunjabi, Kiswahili, na Kibukusu cha kutukanana. Aliolewa na Pritam Singh, fundi wa redio, mtu mpole, mwoga wa kelele. Wakafungua duka. Chini ni duka, juu ni nyumba. Wakapata mtoto mmoja, Surjit.

Miaka ya sitini ikielekea mwisho, Pritam alinunua televisheni. Akaiweka kwenye dirisha la duka, uso ukiangalia barabara. Akapandisha antena juu ya paa, na kila upepo ukivuma kutoka upande wa Menengai ilibidi apande tena kuigeuza. Picha ilikuwa inatetemeka. Mara nyingine watu wote kwenye picha wanapotea, unabaki na vidoti vyeupe. Lakini watu walikuja. Walikuja kutoka landhi, kutoka sokoni, kutoka kiwandani wakiwa bado na ovaroli. Walisimama nje, wakatazama kupitia kioo.

Jioni ya Ijumaa ndiyo ilikuwa jioni yenyewe. Ijumaa kulikuwa na kipindi cha vichekesho cha Waingereza. Kilihusu meya wa mji mdogo huko kwao, mtu wa tumbo kubwa na mnyororo wa dhahabu shingoni, anayependa hotuba. Pembeni yake kulikuwa na karani mwembamba, ambaye kazi yake ilikuwa kuficha aibu za meya. Kila wiki meya anaahidi kitu, kila wiki kitu hicho kinaharibika, na kila wiki karani anahangaika kukifunika.

Shida ilikuwa moja. Kile Kiingereza hakuna aliyekishika. Watu walicheka wakiona mtu ameanguka, basi.

Ndipo akaingia Nicodemus Khisa.

Khisa alikuwa mtu wa Kimilili, ameletwa Nakuru na kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa. Alikuwa amesoma kwa wamisheni, na Kiingereza alikisikia vizuri. Ijumaa moja akachoka kuulizwa na wenzake, "Amesema nini? Amesema nini?" Akasogea mbele, akageuka, akakipa kioo bega, akaanza kutafsiri. Meya alimpa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Karani alimpa sauti nyembamba ya pua. Na majina akawapa. Meya akawa Mzee Kitambi. Karani akawa Spoku, kama ile ya baiskeli.

Tangu siku hiyo, wasikilizaji, watu hawakuja tena kwa sababu ya televisheni. Walikuja kwa sababu ya Khisa.

Mke wake, Naliaka, alikuwa anasimama nyuma na mtoto mgongoni. Binti yao mkubwa, Truphosa, ambaye leo ni mwalimu aliyestaafu, aliniambia hivi: "Mama alikuwa analalamika. Anasema, huyu mtu nyumbani haongei, maneno yote anaenda kumalizia kwa Singh. Lakini alikuwa anakuja. Hakukosa hata Ijumaa moja."

Na Mama Surjit? Yeye alisimama mlangoni mwa duka. Alipanga watoto mbele na warefu nyuma. Alicheka mpaka anajifuta macho na ncha ya shali. Surjit, mwanawe, ambaye amekuja kutoka Uingereza kwa mazishi, anakumbuka kwamba kila Jumamosi asubuhi mama yake alikuwa anamrudia baba yake kipindi chote wakinywa chai, kwa sauti zile zile za Khisa. "Baba alikuwa juu ya paa na antena," Surjit alisema. "Hakuwahi kuona kipindi. Alikisikia kwa mama."

Sasa tufike mwaka wa sabini na moja. Mvua ilikataa. Wale mliokuwa wakubwa wakati huo mnakumbuka vumbi lile jeupe lililokuwa linapanda kutoka ziwani. Maji yalikuwa taabu. Akatokea mkubwa mmoja wa mji. Jina lake sitalitaja, ameshakufa, na hayuko hapa kujijibia. Mkubwa huyo akajenga mfereji wa maji karibu na landhi. Siku ya kuufungua kulikuwa na viti, kulikuwa na ngoma, kulikuwa na hotuba. Akafungua, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Kesho yake mfereji ukakauka. Haukutoa tena hata tone.

Watu walinung'unika, lakini kwa sauti ya chini. Zile hazikuwa siku za kunung'unika kwa sauti.

Wiki chache baadaye, Ijumaa, kipindi kikaanza. Na bahati mbaya ikawa hii. Wiki hiyo Meya wa Uingereza alikuwa anafungua mfereji wa maji.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo mambo yaliharibikia. Kipindi kilitengenezwa Uingereza, na watu ambao hawajawahi kusikia jina Nakuru. Meya katika kipindi hicho alikuwa anafungua mfereji wa maji. Na Khisa alitafsiri alichosikia. Hakuongeza neno.

Watu walicheka namna ambayo hawakuwa wamecheka tangu ukame uanze. Wengine waliketi chini kwenye kona ya barabara wakishika mbavu. Mama Surjit alicheka. Naliaka alicheka. Lakini kulikuwa na wanaume wawili waliosimama pembeni, na hao hawakucheka.

Jumatatu, askari kanzu walimchukua Khisa kazini. Alikuwa kati ya mabehewa mawili, mikono imejaa grisi. Hawakumpa nafasi ya kunawa. Mashtaka yalisema kwamba mbele ya umati amemtukana kiongozi na kuchochea watu wavunje amani. Kwamba yale maneno hayakutoka kwenye televisheni. Kwamba ameyatunga mwenyewe.

Naliaka alikuja dukani mbio, kitenge kimefungwa vibaya. Mama Surjit alimketisha.

"Walisema ametunga," Naliaka akasema. "Mama Surjit, wewe ulikuwa pale. Alitunga?"

"Hakutunga."

"Basi sema hivyo."

Rahisi, sivyo? Lakini subiri. Kwanza walitafuta ile filamu yenyewe. Wakili kijana aliyejitolea kumsaidia Khisa aliuliza kwa watu wa televisheni. Akajibiwa kwamba filamu za kutoka ng'ambo zikishaonyeshwa hazikai. Nyingine hurudishwa, nyingine huharibiwa. Ile ya mfereji ilikuwa imeshaenda. Haikuwepo tena. Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa vichwani mwa watu waliosimama kwenye ile barabara.

Na watu hao, wasikilizaji wapendwa, walianza kusahau. Naliaka alienda mlango kwa mlango. Mmoja akasema siku hiyo alikuwa safarini. Mwingine akasema alikuwa mbali, hakusikia vizuri. Mwingine alimfungia mlango, na Naliaka akamsikia ndani akimwambia mkewe asipumue. Siwahukumu. Walikuwa na watoto. Walikuwa na kazi ambazo zingepotea kwa neno moja.

Hata Pritam alikataa. Ombi lake la uraia lilikuwa limekaa mahali bila kujibiwa, na laiseni ya duka ilikuwa inaisha. Siku moja mtu mmoja aliingia dukani, akavua kofia, akaongea kwa heshima kabisa.

"Mzee Singh, wewe ni mgeni wetu," akasema. "Mgeni hasikii mambo ya nyumba. Wewe hukusikia kitu, au sivyo?"

"Sikusikia," Pritam akasema. "Mimi nilikuwa juu ya paa."

Na ilikuwa kweli. Alikuwa juu ya paa.

Mtu yule akamgeukia mke. "Na mama?"

Mama Surjit akasema, "Mimi si mgeni. Nimezaliwa hapa nyuma ya stesheni."

Mtu akavaa kofia, akaondoka. Pritam alifunga duka mchana ule. Surjit alikuwa kijana wa shule ya msingi, na aliwasikia wazazi wake wakibishana juu.

"Watatufungia duka, Jasbir. Watatutoa."

"Huenda."

"Kwa sababu ya mtu wa reli?"

"Kwa sababu nilisikia. Wewe ulikuwa juu, mimi nilikuwa chini. Nimesikia kila neno. Nifanye nini na hayo maneno sasa?"

 Asubuhi ya kesi Pritam alimpigia pasi shali nyeupe, akampa, lakini hakwenda naye.

Korti ilijaa. Watu ambao hawakuwa wamesikia chochote walikuja wote kusikiliza. Khisa alikuwa kizimbani, amepungua, jicho moja limevimba. Mama Surjit akaapa. Wakili akamuuliza kama alikuwepo. Akasema alikuwepo. Akamuuliza kama anakumbuka kipindi. Akasema anakumbuka.

Mwendesha mashtaka akaruka. Akasema haiwezekani mtu akumbuke kipindi cha televisheni baada ya miezi yote hiyo.

Hakimu akamtazama yule mama. "Unakikumbuka namna gani?"

"Namna ya kukisema, mheshimiwa."

"Basi sema."

Akasema. Alianza kwa sauti ndogo. Meya amejenga mfereji uwanjani, lakini pesa za bomba amezila kwa karamu. Hakuna bomba. Spoku amelala nyuma ya ukuta na birika, anamimina maji kwenye kitundu ili yatokee upande wa pili. Hotuba ya Meya inakuwa ndefu. Birika linaisha. Spoku anatafuta maji, hayupo wa kumletea. Anaona buli la chai ya wageni. Anamimina chai. Upande ule mwingine Meya anakinga glasi, inajaa kitu cha rangi ya udongo. Watu wananyamaza. Meya anaonja. Halafu anainua glasi juu na kusema, "Wananchi, miji mingine inawapa maji. Sisi tunawapa ambayo yameshachemshwa."

Alipofika hapo, Mama Surjit alikuwa ameshasahau kuogopa. Ilikuwa ile sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Ilikuwa ile pua ya Spoku. Askari mmoja mlangoni alitoa mlio, akajifanya anakohoa. Mtu wa nyuma akashindwa. Halafu benchi lote. Halafu korti nzima ikacheka, mpaka hakimu akaweka karatasi mbele ya mdomo. Truphosa alikuwepo, amekaa na mama yake. Aliniambia, "Niliona baba anacheka pia. Nikajua tunaenda naye nyumbani."

Mwendesha mashtaka alingoja. Hakuharakisha. Kicheko kilipokwisha, akasimama.

"Mheshimiwa, sina swali kwa shahidi. Namshukuru. Ninauliza korti tu. Watu hawa wamemcheka nani? Kuna mtu humu ndani anamjua huyo meya wa Uingereza?"

Watu wakatazamana.

"Kama hata leo, mbele ya askari, hawawezi kujizuia," akasema, "Ijumaa ile ilikuwaje?"

Mama Surjit alikuwa bado amesimama pale pa mashahidi. Akafungua mdomo kusema kitu. Hakimu akamwambia ashuke.

Nicodemus Khisa alifungwa miaka miwili. Hakimu alikubali kwamba pengine maneno yalitoka kwenye televisheni. Lakini akasema aliyeyatafsiri alijua yatawafikia watu namna gani, na korti imejionea kwa macho yake.

Ndugu msikilizaji, fikiria kutoka kwenye mlango huo. Umesema kweli. Umesema vizuri. Na ule uzuri wenyewe ndio umemfunga mtu.

Nje, Mama Surjit alimfuata Naliaka. Naliaka aligeuka akasema, "Ulisema vizuri, Mama Surjit. Ulisema vizuri kupita kiasi." Akaenda zake.

Mambo yalienda haraka baada ya hapo. Familia ya Khisa ilitolewa landhi, vyombo vikawekwa nje kwenye vumbi. Naliaka akashuka na watoto Mai Mahiu, akauza chai na maharagwe kwa madereva wa malori. Laiseni ya Pritam haikurudi. Duka likafungwa, televisheni ikauzwa. Ijumaa watu walipita ile barabara bila kugeuza shingo.

Mama Surjit aliruhusiwa kumwona Khisa gerezani mara moja tu. Khisa alikuwa ameshaanza kukohoa. Alimkuta ameketi nyuma ya wavu, mlinzi amesimama karibu. Njia nzima mama alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Khisa hakumpa nafasi.

"Ile sauti ya Spoku," akasema, "umeitoa wapi? Umenishinda."

"Khisa, mimi ndiye niliyekufunga."

"Wewe hukushika ufunguo, mama." Akakohoa. "Niambie. Mzee Kitambi amefikia wapi sasa?"

Mama Surjit hakujua. Televisheni iliuzwa zamani. Lakini alimwona yule mtu, mabega yametoka nje kama hanga ya nguo, anangoja. Basi akatunga. Alisema Meya amenunua treni ya mji. Treni imefika, lakini hakuna reli, kwa hiyo Spoku amefunga ng'ombe mbele. Akaendelea hivyo mpaka mlinzi akasema muda umeisha. Khisa alicheka kwa mdomo uliofungwa, ili asikohoe.

Alikufa kabla ya kumaliza kifungo, mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Walisema ni kifua. Mwili ulipelekwa Kimilili kwa lori la viazi lililotoka Mau Narok, dereva akiwa mteja wa Naliaka.

Pritam aliamua kuondoka. Alipata nafasi ya kwenda Uingereza, akamchukua Surjit. Mama Surjit alisema atafuata. Hakufuata. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Surjit aliniambia haya bila hasira, lakini aliyasema akitazama sakafu: "Nilikua bila mama. Baba alifariki kule, sabini na nane, kwenye chumba baridi, akimwita. Nilimwuliza mama baadaye, ulibaki kwa nini? Akasema, kuna watoto nilitoa baba yao."

Ndiyo, wasikilizaji. Alienda Mai Mahiu. Mara ya kwanza Naliaka hakumkaribisha. Mara ya pili pia. Mara ya tatu kulikuwa na malori mengi, Naliaka ameelemewa, na Mama Surjit akaingia nyuma ya kibanda bila kuulizwa, akaanza kukanda chapati.  Wiki iliyofuata akaja tena. Mwishowe Truphosa alipofaulu kuingia sekondari hapa Nakuru, alikaa kwa Mama Surjit, kwenye chumba alichopanga baada ya duka kufungwa. Ile kesi haikutajwa kati ya wale wanawake wawili. Miaka yote hiyo, haikutajwa.

Truphosa ndiye aliyekuwa naye siku za mwisho. Aliniambia kwamba Jumatatu, siku moja kabla, Mama Surjit alimshika mkono akamuuliza, "Ningekaa kimya, baba yako angerudi?"

Nikamuuliza Truphosa alijibu nini.

"Nilimwambia, mama, sijui. Singeweza kumdanganya. Nilimpa chai."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Surjit na wajukuu waliovuka bahari kuja kumzika. Pole kwa jamii ya Masingasinga wa Nakuru. Pole kwa Truphosa, aliyempoteza mama wa pili. Sala ni Jumapili asubuhi, hekaluni, na kila mtu anaruhusiwa kuingia. Utavua viatu, utafunika kichwa, utakaa.

Pole pia kwa Naliaka. Ndiyo, yuko hai. Ni mzee sana sasa, haoni vizuri, na Jumapili atakuwa pale, safu ya mbele, upande wa wanawake.

Kwa sisi wengine, usiku huu tujiulize tunafanya nini na yale tuliyoyasikia kwa masikio yetu. Lakini kuna wachache ambao nataka kuongea nao peke yao. Mlisimama kwenye ile barabara Ijumaa ile. Mlikuwa vijana, leo mna mvi. Mnajijua. Waliowatisha wameshakufa, korti ilishafunga faili, hakuna wa kuwachukua tena. Jumapili, sala ikiisha, msogelee Naliaka. Muiname, kwa sababu hasikii vizuri pia. Mmwambie: nilikuwa pale, nilisikia, bwana yako hakuongeza neno.